Kufuga Bakteria Kando ya Vati

Hotuba hii niliitoa Makongolosi, wilayani Chunya, mbele ya wachimbaji wadogo, wenye mitambo ya uchenjuaji na wananchi. Wengi waliniomba niiandike. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, pamoja na maswali mawili yaliyoulizwa katikati.

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, masheikh na wachungaji, wazee wangu, mama zangu wa mialoni mnaoosha mchanga wa dhahabu, vijana wa maduarani kwenye mashimo ya dhahabu, wenye makarasha ya kusagia mawe na wenye mitambo ya uchenjuaji: wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Ndaga fijo kwa mapokezi.

Kabla sijasema neno, naomba kijana mmoja aje hapa mbele. Hii ni silinda ya kioo ya lita moja. Ndani yake kuna tope la kahawia nililolifuga nyumbani kwenye pipa, nikilipulizia hewa kwa pampu ndogo na kulilisha maji ya kuoshea vyombo. Halina sumu, usiogope. Igeuze pole pole mara tatu, umeona yote yamekuwa kama chai ya maziwa? Sasa iweke mezani, na mtu asiiguse. Tutarudi kuitazama baada ya nusu saa.

Barua ya mwaliko ilisema nieleze jinsi bakteria wanavyoweza kusafisha maji yenye sumu ya viwandani. Nitaeleza. Lakini niruhusuni nianze na mbuzi wanne.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mtumishi wa maabara ya maji, tuliitwa kwenye mtambo mmoja wa sayanaidi, ile sumu inayotumika kuyeyushia dhahabu. Mwenye mtambo simtaji, alishalipa alichotakiwa kulipa. Tulikuta mbuzi wanne wamelala ukingoni mwa bwawa la topesumu, vichwa vimeelekea majini. Bibi mwenye mbuzi alikuwa amekaa chini ya mti, khanga kichwani, hasemi kitu. Nilipoinama kuchota sampuli ndipo nikaelewa kwa nini wale wanyama walipenya uzio wa miiba. Maji yalikuwa maangavu. Tope lilikuwa limetuama chini, na juu yake pamebaki maji ambayo ungeweza kuyaweka kwenye jagi la harusini, mazuri kwa macho kuliko ya kisima alichokuwa akitumia yule bibi. Hayana povu, hayana mafuta, hayana harufu ya kumfukuza mtu. Majirani walikwisha kuleta visu ili nyama isipotee bure. Tukawazuia, tukachimba shimo, tukafukia mbuzi kwa chokaa.

Nimepima maji kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuna siku iliyonifundisha kama ile. Maji ya matope tunayaogopa, maji ya rangi tunayakimbia. Yale maangavu tunayachota.

Sasa hii sayanaidi si mgeni kwetu. Mama zangu mnaijua, ila kwa jina jingine. Ni ule uchungu wa mhogo mchungu. Mhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini, na seli za mhogo zikivunjika, kimeng'enya cha mhogo wenyewe huikata linamarini ile na sayanaidi hutoka. Ndiyo maana hamuuli mhogo mchungu mbichi. Mnauloweka siku tatu, au mnauvundika mpaka uote ukungu, ndugu zangu Wasukuma mnapata udaga. Katika siku hizo tatu kuna viumbe wanaofanya kazi ndani ya lile beseni. Bakteria wanaulainisha mhogo, kuta za seli zinaachia, kimeng'enya kinaifikia linamarini iliyojificha, na sumu inatoka na maji na hewa. Mwaka wa njaa watu wakifupisha siku za kuloweka, madhara yake yanaonekana: katikati ya miaka ya 1980 kule Tarime watu walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo, na chanzo chake kilikuwa mhogo ambao haukupewa siku zake.

Kwa hiyo habari ya viumbe wadogo kutusaidia dhidi ya sayanaidi haikuanzia kwenye maabara yoyote. Ilianzia jikoni kwa bibi zetu, na wao walijua kwamba kazi hii haiharakishwi.

Kwa nini sayanaidi ilifika Chunya mnajua wenyewe kuliko mimi. Zebaki haikamati dhahabu yote. Nyingi hubaki kwenye mchanga, na mchanga huo ndio marudio mnayouziana kwa malori. Sayanaidi huifuata dhahabu hiyo mpaka kwenye chembe ambazo jicho halioni, huiyeyusha, kisha makaa ya kaboni huinyonya. Hataza ya njia hiyo walipewa watu watatu wa Glasgow, Uskoti, mwaka 1887, MacArthur na ndugu wawili wa familia ya Forrest, na vati zenu, yale matangi ya kuloweka mchanga kwa sayanaidi, zinafuata kanuni ileile. Dhahabu ikishatoka, maji yanabaki. Mazungumzo yetu ni ya hayo maji.

Sayanaidi ni kaboni moja na naitrojeni moja zilizoshikana. Shikeni hilo, maana ndilo linalofanya iwezekane kuliwa. Kaboni ni chakula, naitrojeni ni chakula. Kilichobaki ni kumpata mlaji asiyekufa kwa kula. Na wapo. Wengi ni wa jamii ya Pseudomonasi. Wanaikata sayanaidi, kaboni wanaiacha kama baikaboneti isiyodhuru, na naitrojeni wanaiacha kama amonia. Amonia nayo inaua samaki, kwa hiyo kazi haijaisha. Wanakuja wa pili, Nitrosomonasi, wanaigeuza amonia kuwa naitraiti. Wanakuja wa tatu, Nitrobakta, wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo ni mbolea. Wanapokezana kama vijana wanaopitishiana ndoo kutoka kisimani. Ukimwua wa katikati, ndoo zinarundikana. Na hata naitreti isiachwe ifike kisimani kwa wingi, inadhuru watoto wachanga. Ipelekeni kwenye matete au miti.

Mfano ninaoupenda uko mbali, Marekani, jimbo la South Dakota, kwenye mgodi wa dhahabu wa Homestake. Mgodi ule ulifanya kazi zaidi ya karne moja, na kwa miaka mingi tope lake lilimwagwa moja kwa moja kwenye kijito kiitwacho Whitewood, mpaka mwaka 1977. Mwaka 1984 wakawasha mtambo wa bakteria. Yalikuwa magurudumu makubwa 48, yanazunguka pole pole mchana na usiku, sehemu ndani ya maji, sehemu hewani. Juu ya magurudumu hayo bakteria wameota kama ule utelezi mnaoukanyaga kwenye mawe ya mtoni. Gurudumu likizama wanakula, likiibuka wanapumua. Mamilioni ya lita yalipita hapo kila siku, na samaki aina ya trauti wakarudi kuishi kwenye kijito ambacho watu walikwisha kukikatia tamaa.

Bakteria wale hawakununuliwa dukani. Walipatikana palepale mgodini, kwenye maji yaleyale yenye sumu, kwa sababu palipo na sayanaidi ya miaka mingi wapo waliokwisha kuizoea. Kazi ya wataalamu ilikuwa kuwazoesha zaidi. Na walifanya hivyo kwenye nchi ya theluji! Maji yakipoa, bakteria hupunguza kasi ya kula, takriban nusu kwa kila nyuzi 10 zinazoshuka. Ndugu zetu wa Makete na Njombe wakitaka kufuga viumbe hawa mwezi wa Juni na Julai watahangaika. Ninyi hapa Makongolosi jua limewapa bure kitu ambacho wenzenu walikitafuta kwa gharama.

Kisa kingine ni cha zamani zaidi, na hiki ni cha majitaka ya mji. Manchester, Uingereza, mwaka 1914, Edward Ardern na William Lockett walikuwa wakipuliza hewa kwenye chupa za majitaka. Mara ya kwanza ilichukua kama wiki 5 maji kutakata. Badala ya kuosha chupa, walimimina maji safi tu, lile tope la chini wakalibakiza, wakajaza majitaka mapya juu yake. Wakarudia hivyo tena na tena. Mwishowe kazi ya wiki 5 ikawa inaisha ndani ya saa 24. Tope walilolibakiza ndilo lilikuwa kundi lenyewe la bakteria, limenenepa, linasubiri chakula. Leo miji mingi mikubwa duniani inasafisha majitaka yake kwa njia iliyotokana na chupa zile. Hata hapa kwetu mabwawa ya majitaka ya Kalobe, Mbeya mjini, yanategemea bakteria na mwani, ingawa yenyewe hayapulizwi hewa kwa mashine.

Mama anayegandisha maziwa kwenye kibuyu anaelewa habari hii bila kufika Manchester. Kibuyu cha mtindi hakisuguliwi kikang'aa. Kilichobaki ndani ndicho kinachogandisha maziwa ya kesho.

Mimi nimekulia Rungwe, kwenye nyumba yenye ng'ombe wawili wa maziwa. Ng'ombe humwachi na njaa siku tano, kisha ukamwaga gunia zima la pumba mbele yake. Atavimba, atakufa, nawe utasema ng'ombe hawafai. Bakteria ni mifugo kama wale. Wanataka kula kila siku, wanataka hewa, hawataki kushtuliwa. Mkinikumbuka kwa neno moja leo, liwe hilo. Mtambo wa bakteria hauwashwi kwa swichi ukaachwa. Unafugwa.

Naomba niwaambie kilichonipata mimi mwenyewe.

Baada ya wale mbuzi nilipata mwenye mtambo mmoja, mtu mwelewa, akanipa kona ya eneo lake nifanye jaribio. Tukaweka mapipa mawili ya lita 200. Ndani yake tukajaza yale mawe mepesi ya volkano yanayotoka Rungwe, yanayoelea majini, kwa sababu yana matundu mengi na bakteria wanapata pa kujishika. Mbegu tulichota kwenye tope la ukingoni mwa bwawa la zamani. Tukawapa maji yenye sayanaidi hafifu kabisa, tukitia chembe za mbolea ya TSP, maana kwenye sayanaidi watapata kaboni na naitrojeni, lakini fosforasi hawaipati. Kila wiki tuliongeza kidogo. Wiki ya nne nilitia mkono, nikiwa na glavu, nikagusa jiwe, likaniteleza. Sikuwahi kufurahia utelezi hivyo maishani mwangu. Pipa lilikuwa linanukia udongo uliopata mvua ya kwanza, na kwa sisi watu wa kazi hii hiyo ndiyo harufu ya afya.

Wiki ya sita, usiku, mtu wa zamu akafungua valvu asiyoijua. Maji makali kutoka kwenye vati yakaingia moja kwa moja kwenye pipa la kwanza. Asubuhi nilipofunua mfuniko ile harufu ya udongo haikuwepo. Utelezi ulikuwa umebanduka kwenye mawe, unaelea juu vipande vipande, rangi ya majivu, kama ngozi inayochubuka. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa pale kando, sikumbuki kwa muda gani. Yule kijana wa zamu simlaumu. Mimi sikuweka bango, sikufunga valvu kwa kufuli, na sikuwahi kumweleza kwamba ndani ya mapipa yale kuna viumbe hai. Kwake yeye yalikuwa mapipa ya maji machafu tu.

Kilichotuokoa ni pipa la pili, ambalo halikuunganishwa na bomba lile. Tulichota mawe humo tukaanza upya. Ndiyo maana kila ninapokwenda nasema: usiwe na pipa moja. Mfugaji hawezi kuweka mbegu yake yote kwenye zizi moja.

Hapa sasa nisikilizeni kwa makini, vijana hasa, kwa kuwa hapa ndipo mtu anapoweza kupoteza maisha. Kwenye vati mnatia chokaa ili pH, yaani kipimo cha asidi (ikishuka, asidi imezidi), ikae juu ya 10. Mnajua sababu? pH ikishuka chini ya 9 na kitu, sayanaidi inaacha kukaa majini, inageuka hewa, na hewa hiyo inaua kwa dakika chache. Bakteria kwa upande wao wanataka pH ya 7 hadi 8 na nusu. Mnaona mgongano uliopo? Ukichukua maji makali ya vati ukayashusha pH ili uwapendeze bakteria, umetengeneza gesi ya kuua watu. Kwa hiyo bakteria hawapewi maji makali hata siku moja. Kwanza maji yarudishwe kwenye vati, yatumike tena na tena, mtaokoa na hela ya kununua sayanaidi. Yanayozidi yapunguzwe makali, ama kwa dawa kama peroksaidi au klorini chini ya usimamizi wa anayejua kemia, ama yakae kwenye bwawa la kina kifupi lenye turubai chini na uzio, jua liyapige. Yapimwe. Yakishakuwa hafifu ndipo yaende kwa bakteria, mahali pa wazi penye upepo, na mtu asifanye kazi hiyo peke yake.

Kanuni ya kimataifa ya matumizi ya sayanaidi migodini inataka bwawa ambalo ndege na wanyama wanaweza kulifikia lisizidi miligramu 50 kwa lita za ile sayanaidi inayoachia kirahisi, na maji yanayoingia mtoni yasizidi nusu miligramu. Tofauti ya mara 100. Nafasi ya bakteria ni hapo katikati. Na nisiwafiche, ipo sayanaidi iliyokumbatiana na chuma, hiyo wanaila kwa shida sana, kwa hiyo kupima hakuna mbadala.

Nusu saa imefika. Kijana, njoo utazame silinda yetu. Hebu waambie wenzako unaona nini. Tope limeshuka, limejikusanya chini kama pamba ya kahawia, mstari umejichora, na juu maji yamekaa maangavu. Sasa nusa. Udongo, sivyo? Kipimo hiki hakihitaji umeme wala mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Mfugaji wa bakteria anakifanya kila asubuhi. Tope likigoma kushuka, likibaki linaelea kama wingu, au likinuka yai viza, mifugo inaumwa au imekosa hewa. Lakini kumbukeni mbuzi wangu wanne. Silinda inakuambia bakteria ni wazima. Haikuambii kama sumu imeisha. Hilo linajibiwa na maabara peke yake.

Kuna mama ameniuliza kabla ya mkutano kuhusu maji ya kuoshea kahawa kule Mbozi, nimjibu kwa ufupi. Yale hayana sayanaidi. Yana sukari ya ule ute wa kahawa, nyingi mno. Yakiingia mtoni, bakteria wa mtoni wanaishambulia ile sukari kwa pupa, wanamaliza oksijeni, samaki wanakosa pumzi. Maji hayo yafungieni kwenye mtungi wa chini ya ardhi usio na hewa, watakuja bakteria wa aina nyingine kabisa na kuwapa gesi ya kupikia. Ila yasichanganywe kamwe na maji ya uchenjuaji, kwa sababu yakichacha ni asidi, na asidi na sayanaidi nimekwisha kusema zikikutana inakuwaje.

Hapo kijana mmoja wa duarani alisimama akauliza: "Mama, kuna mtu amepita hapa anauza unga wa bakteria kwenye ndoo. Anasema unakula sayanaidi na zebaki pia. Ni kweli?"

Asante mwanangu. Kwa sayanaidi, unga huo huenda ukasaidia au usisaidie, kutegemea umebeba nini na utaulisha vipi. Kwa zebaki, mtu huyo anawadanganya. Sayanaidi ni nyumba ya matofali mawili, inabomoleka. Zebaki ni elementi, ni tofali lenyewe. Hakuna kiumbe kinachoweza kuila ikaisha. Anachoweza bakteria ni kuibadilisha sura. Wapo wenye kimeng'enya cha kuigeuza zebaki iliyoyeyuka majini kuwa mvuke. Basi imetoka majini imeingia hewani, na hewa hiyo ndiyo unayovuta. Wapo wengine, wanaoishi kwenye tope lisilo na hewa chini ya mabwawa na maziwa, hao wanaigeuza kuwa methili-zebaki, mbaya kuliko ile uliyoanza nayo. Inaingia kwa kidagaa, inaingia kwa samaki aliyekula kidagaa, inaongezeka kila hatua mpaka ifike sahanini kwako. Huko Minamata, Japani, kiwanda cha kemikali kilimwaga methili-zebaki kwenye ghuba, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi. Watu walipoteza hisia za mikono, wakashindwa kutembea sawasawa, na watoto walizaliwa na ulemavu kutoka kwa akina mama walioonekana wazima.

Sasa tazameni maji ya hapa kwetu yanakwenda wapi. Mto Lupa unaishia Ziwa Rukwa. Rukwa haina mto unaotoka. Maji yake yanaondoka kwa kukauka juani, na kile yalichokibeba kinabaki ziwani. Bakteria wataila sayanaidi kabla haijafika huko, tukiwatunza. Zebaki hakuna wa kuila.

Ndiyo maana nawaomba, marudio yaliyopita kwenye zebaki yasiingizwe kwenye vati yakiwa na zebaki yake. Sayanaidi inaiyeyusha zebaki kama inavyoiyeyusha dhahabu, ikishayeyuka inatembea na maji mbali sana. Itoeni kwanza. Na mama zangu wa mialoni, kuchoma zebaki kusifanyike jikoni, watoto wamelala chumba cha pili. Tumieni ritoti, kile chombo kilichofungwa cha kuchomea na kunasa mvuke, mtairudisha zebaki yenyewe mkaitumia tena.

Swali la pili lilitoka kwa mwenye mtambo mmoja, mzee mtaratibu: "Dada, mimi nimekuelewa. Ila gharama?"

Mzee wangu, sitakudanganya kwamba ni bure. Unahitaji mabwawa mawili madogo yenye turubai, mawe ya volkano, mbolea kidogo, na njia ya kuwapa hewa. Kama eneo lako lina mteremko, maji yashuke kwa ngazi za saruji yakiruka, hewa itaingia bila pampu. Mawe yapo Rungwe, jua lipo. Gharama kubwa ni mtu. Umeajiri mlinzi wa kulinda dhahabu usiku na mchana. Ajiri na mtu mmoja wa kulinda bakteria, umlipe mshahara wa kueleweka, ajue kusoma pH, aandike kwenye daftari kila asubuhi, na awe na mamlaka ya kumwambia hata wewe bosi wake: leo usifungue valvu. Usipompa mamlaka hayo, mabwawa hayo yatakuwa mapambo ya kuwaonyesha wakaguzi.

Na ukiyajenga, anza na kibali. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, hakuna anayeruhusiwa kutiririsha majitaka kwenye chanzo cha maji bila kibali cha bodi ya bonde, na ofisi ya Bonde la Ziwa Rukwa iko Mbeya, si mbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakutaka ukae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nimeona vati zilizo karibu zaidi ya hapo. Wenyewe mnajijua, na mimi sikuja na pingu. Nasema zihamishwe.

La mwisho ni mvua, nazo ziko mlangoni. Tarehe 30 Januari 2000, huko Baia Mare, Romania, mvua na theluji iliyoyeyuka vilijaza bwawa la kampuni ya kuchenjua dhahabu, ukingo ukakatika, mita za ujazo 100,000 za maji yenye sayanaidi zikaingia mtoni. Zilivuka mpaka wa nchi hadi Hungaria, na zaidi ya tani 1,000 za samaki zilikufa. Hakuna bakteria wa kukimbizana na mafuriko. Wiki hii, kabla ya kufikiria mambo ya kufuga, kila mwenye bwawa apande ukingoni akaangalie. Maji yawe yamebakiza nafasi ya kutosha kupokea mvua kubwa, mfereji wa kuzuia maji ya kilimani uwe umezibuliwa, na kama kuna mahali ukingo umelowa kwa nje, msisubiri.

Kesho kuanzia saa mbili asubuhi nitakuwa pale mialoni na vifaa vyangu vya kupimia. Wenye mitambo njooni na daftari lenu la pH, hata kama kurasa ni tupu. Maji msiniletee, nitakuja kuyachota mwenyewe. Nimewahi kuletewa sampuli kwenye chupa ya soda, imepitia dukani, imepitia nyumbani kwa mtu, imelala mezani usiku kucha palipo na watoto, na ndani yake yalikuwa maangavu kama yale ya wale mbuzi.